Pale Baba Yako Alipokula

Mwanangu Lokiru,

Umekwenda uwanjani kuaga wenzako kabla ya safari yako ya chuo, na hapa mlangoni mwa kibanda changu cha cherehani nasikia wanavyopiga kelele kila mpira unapokufikia. Jua bado lina nguvu. Nimefunga kazi mapema na kugeuza kiti kielekee barabara, ili nikuone ukirudi. Mambo ya blanketi, neti ya mbu na vyeti vyako sitayaandika. Yamo sandukuni, utayaona. Nakuandikia kwa ajili ya swali uliloniuliza juzi tukila, nami nikajifanya sikulisikia.

Ulisema, "Mathe, huko Lodwar nitakuwa nakula wapi? Hoteli zote ni za watu wa ofisi. Na jioni mtu anafanya nini? Si ni vumbi tu na kulala?"

Nikainuka nikaenda kutazama jiko, na jiko halikuwa na moto. Jirani yetu Mama Furaha, aliyekuwa amekuja kuazima chumvi, ndiye aliyekujibu kwa Kiswahili chake cha Kongo: "Mutoto yangu, weye utakula tu. Tumbo inajuaka njia." Mkacheka wote wawili. Mimi nikabaki kule jikoni nimeshika kifuniko cha sufuria.

Jibu nalijua, Lokiru. Sidhani Kakuma hii kuna mtu anayejua kula Lodwar kwa pesa kidogo kunishinda. Nilifundishwa na baba yako, na ndiyo maana nilinyamaza.

Ulikuwa darasa la tatu nilipokwenda Lodwar kujifunza kushona kwenye darasa la kanisa. Nilikuacha na nyanya yako. Unakumbuka labda jinsi ulivyokataa kuniaga, ukajificha nyuma ya zizi, kisha ukakimbia nyuma ya gari likiwa limeshaondoka. Baba yako wakati huo alikuwa akiendesha bauza, lori la kubeba maji, akishinda Lodwar siku za kazi na kurudi kwetu mwisho wa wiki ikiwezekana. Nilidhani sasa tutakaa pamoja. Akaniambia madereva wanalala kwenye kambi ya kazi na wanawake hawaruhusiwi. Sikuuliza swali la pili. Nikapanga chumba na mwanafunzi mwenzangu, Atabo, msichana wa Lokichar mwenye sauti kubwa na moyo mwepesi.

Wiki yangu ya kwanza nilikula vibaya. Nimekulia Nariokotome karibu na misheni, na kichwani mwangu mtu aliyefika mjini alipaswa kula mahali penye pazia mlangoni na maua ya plastiki mezani. Nikaingia hoteli ya namna hiyo. Niliketi peke yangu, nikaletewa viazi vilivyopoa na chai isiyo na maziwa, na hakuna aliyenisemesha isipokuwa redio. Siku zilizofuata nilikunywa maji nikalala. Baba yako aliponikuta nimekonda akacheka mpaka akashika ukuta.

"Wewe unakula mapazia?" akasema. "Njoo nikuonyeshe pale watu wanakula."

Alikonipeleka nitakuambia baadaye. Kwanza niandike yale niliyoyagundua mwenyewe na Atabo, kwa sababu hayo hayana doa na ningependa uyapate safi.

Asubuhi, pale malori yanapopakia, kuna akina mama wenye sufuria za githeri ya mahindi na maharagwe zilizofunikwa kwa gunia ili zisipoe. Wengine wana uji wa mtama. Ukichelewa utakuta wanaosha sufuria. Usinunue kwa yule anayekuita sana. Nunua kwa yule ambaye wapagazi wamemzunguka, maana mpagazi hawezi kufanya kazi na tumbo linalouma. Karibu na msikiti kuna Wasomali wenye chai ya maziwa ya ngamia. Wasalimu kwa salamu yao, ukae. Unaweza kushinda na kikombe kimoja ukisikiliza habari za barabara mpaka Lokichogio, na hakuna atakayekufukuza. Koma mbivu, yale matunda magumu ya mkoma, utazipata kwa wanawake wanaosuka vikapu. Usizinunue halafu ukaondoka. Ziponde kwa jiwe palepale, utafune nao, na utajua mji wote unasema nini.

Jioni si vumbi tu. Kwaya hufanya mazoezi, na kwaya ya Lodwar haikuulizi kama unajua kuimba, inakuuliza kama unaweza kubeba ngoma. Watu hupanda kile kilima chenye sanamu ya Yesu wakati jua linaposhuka, vijana kwa vikundi, na huko juu kuna upepo ambao chini haupo. Maji ya Turkwel yakipungua, mchanga wake ndio uwanja: huku mpira, kule wazee na mchezo wa vijiwe kwenye mashimo. Na siku nyingine, bila kutangazwa, utasikia watu wakipiga makofi na kuruka edonga, ngoma yetu. Nenda. Mimi nilikwenda kwa kuburutwa na Atabo, nikiwa tayari mama wa mtoto, nikarudi nimepoteza kiatu kimoja na sauti yote.

Jambo lingine dogo. Misheni tulifundishwa kutokula mbele ya macho ya watu. Kwa hiyo hata nilipofika kwenye mabenchi ya watu wa kawaida, nilikula nimewageuzia mgongo. Mzee mmoja fundi wa magurudumu, jina lake Losike, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mtoni:

"Oneni huyu mama. Anakula kama paka ameiba."

Benchi zima likacheka. Akaendelea, "Geuka, mama. Hiyo samaki haitaruka. Geuka, halafu unipe kidogo."

Nilikasirika. Nilimwona mzee asiye na haya. Lakini wewe ni Mturkana, unajua: kwetu mtu akikuomba anakuambia kwamba amekuona. Nikageuka, nikampa. Kesho yake aliyekuja na ugali mkubwa alikuwa yeye, na akanipa nusu kabla sijaomba. Tangu hapo sikula tena peke yangu Lodwar. Usiogope kuombwa, na wewe usiogope kuomba. Atakayekuogopesha ni yule anayekupa tu na haombi kitu.

Sasa nimefika kwenye lile benchi.

Lilikuwa nyuma ya kinu cha posho, upande wa kwenda mtoni, chini ya paa la makuti ya mkoma. Mwenyewe alikuwa mwanamke kijana aitwaye Asekon. Samaki wake aliletwa kutoka Longech, kule ziwani, na aliyeuzwa rahisi hakuwa samaki mzima. Asekon alichukua vichwa na mifupa ambayo hoteli zenye mapazia zilitupa, akavichemsha polepole na nyanya na ndimu, na sahani moja ya mchuzi ule na ugali ilikutosha mpaka kesho. Sijawahi kula kitu kitamu kama kile. Ndiko baba yako alikonipeleka. Aliingia akiinamisha kichwa chini ya makuti bila kutazama, kama mtu anayejua urefu wa mlango. Niliona. Nikafikiri, dereva hula kila mahali.

"Huyu ni mama ya Lokiru," akasema. "Mpe chakula."

Asekon akanipa mimi kwanza, ingawa wanaume waliotutangulia walikuwa bado wanangoja. Akanipa kwa mikono miwili. Akasimama kando, asiketi, mpaka nilipotia tonge la kwanza mdomoni. Kila siku niliyokwenda, kwa miezi yote ile, alifanya hivyo hivyo. Mwanamume akinung'unika, "Asekon, mimi nimefika mbele," alimjibu, "Ngoja. Mama ale kwanza." Na yule mwanamume hakubisha.

Unajua ni nani hupewa chakula hivyo kwetu, mwanangu. Hata mimi nilijua. Nyanya yako, mama yangu, alikuwa mke wa tatu wa babu yako, na mara ngapi amekusimulia jinsi alivyosimama pembeni, mpaka mke mkubwa aanze kula? Nilikuwa nimeyasikia hayo maisha yangu yote, na nikaketi pale nikipewa heshima ya mke mkubwa, nikadhani ni biashara nzuri. Nilimwambia Atabo, "Msichana yule ana adabu. Anajua kuweka wateja." Atabo akatazama kando, akasema ugali umekauka.

Nilimpenda, Lokiru. Hilo ndilo nimeshindwa kulisema kwa miaka hii. Nilipoanza kushona vizuri, gauni langu la kwanza lisilo la darasani nilimshonea yeye. Nilimpima palepale mbele ya benchi, na utepe ukafika kiunoni ukakataa. Nikacheka.

"Asekon! Hapa kuna mgeni."

Akainamisha macho. "Ndiyo, mama."

"Na baba ya mtoto yuko wapi? Mbona hatumwoni?"

"Yuko barabarani," akasema.

Benchi likanyamaza. Losike, ambaye hakuwahi kukosa neno, akaanza kuokota mifupa kwenye sahani yake kana kwamba ina maandishi. Nikadhani nimemwaibisha msichana aliyeachwa. Kwa huruma yangu nikamwambia asijali, nguo za mtoto nitashona mimi. Na nilishona. Kwa mtoto mchanga, kisha kwa mwenye kutambaa. Mara ya mwisho nilimshonea gauni la manjano lenye mfuko mmoja, nikaliacha kubwa ili akue nalo. Wakati huo nilikuwa nimesharudi Kakuma, nikalituma kwa mkono wa baba yako. Alilichukua. Alilikunja vizuri, akaliweka chini ya kiti chake cha gari, akaniambia, "Atashukuru."

Miaka ikapita. Ulikuwa darasa la saba bauza lilipopinduka kwenye laga, mto wa msimu, iliyojaa maji. Siku ya mazishi unaikumbuka wewe mwenyewe, sitakuandikia. Ila kitu kimoja. Nilikuwa nimeketi chini na wanawake wa ukoo, nimenyolewa kichwa na kuvuliwa shanga, kama inavyompasa mjane. Kisha kwenye njia inayotoka barabarani akaja mwanamke amemshika mtoto mkono. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa upya, kinang'aa. Shingo yake haikuwa na hata ushanga mmoja. Mtu hanyoi kwa ajili ya mteja, Lokiru. Nikamtazama usoni, nikaona ni Asekon. Nikamtazama mtoto. Alikuwa amevaa gauni la manjano lenye mfuko mmoja, na sasa lilikuwa limemtosha.

Wewe ulikuwa karibu yangu. Ukaniuliza, "Mama, yule amenyoa ni nani?"

Nikakujibu, "Ni watu wa Lodwar."

Walikuwa pale, wale watu wa Lodwar. Losike alikuja, na wapagazi wawili wa benchini, na Atabo. Nilipowatazama mmoja mmoja waliinamisha macho, na hapo nikajua kwamba kila tonge nililokula chini ya makuti yale nililila mbele ya watu waliojua. Atabo aliponikumbatia nilimshika mikono nikamweka mbali kidogo.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza alipokupa kwa mikono miwili. Kila mtu aliona."

"Mbona hukuniambia?"

Akalia. Akasema, "Mara ya kwanza nilifikiri unajua na umenyamaza. Baadaye nikaona hujui, na ulikuwa unakula vizuri, ulikuwa unacheka. Nani anaamsha mtu kwenye usingizi kama ule?"

"Rafiki," nilimwambia. "Rafiki ndiye anaamsha."

Hatujaonana tena. Nilisikia ameolewa Kalokol. Kila nikishona kola namkumbuka, maana ni yeye aliyenifundisha kuigeuza isikunjike, na bado sijui kama nimemkasirikia kwa kunyamaza au kwa sababu ninamkosa.

Usifikiri nilikasirika kwa sababu baba yako alikuwa na mwanamke mwingine. Kwetu hilo halifichwi. Angeniambia, ningenuna, ningelia kwa mama yangu Nariokotome, kisha wazee wangekaa, ng'ombe dume angechinjwa, na Asekon angeingia bomani mchana watu wakimwona. Ningekuwa mke mkubwa, na ningelijua hilo. Baba yako alichukua njia rahisi. Alinipa heshima ya mke mkubwa bila kunipa habari yake. Akanipeleka kwa mkono wake mwenyewe nikalishwe, akaketi kati yetu wawili akila kwa raha, na wote wakamsaidia kuinyamazia. Alikuwa mtu mpole, baba yako. Hakunipiga hata siku moja, na mpaka leo nikisikia breki za lori barabarani nainua kichwa. Ninamlilia na ninamchukia katika pumzi ileile, na hakuna aliyenifundisha mtu anafanyaje na vitu viwili hivyo.

Mimi nilifanya hivi: niliacha kula samaki. Umeishi nyumba isiyo na samaki mwendo wa basi tu kutoka ziwani, na ukadhani sipendi harufu. Ulikuwa ukienda kwa Mama Furaha akikupikia, ukirudi ukinawa mara mbili ili nisiisikie. Niliisikia. Nikipita Lodwar kwenda kununua vitambaa Kitale, sishuki garini hata kunyoosha miguu. Mji ambao ulinifundisha kuishi na watu niliufunga wote kwa sababu ya benchi moja. Wapagazi wanakula githeri bila mimi, kwaya inaimba bila mimi, na mimi niko hapa nikijivunia kwamba sijakanyaga. Hilo limenila miaka, na wao halikuwapunguzia kitu.

Nilikuwa nimeamua uende bila kujua. Nilifikiri, mji una watu wengi, atajipitia. Lakini nilikutazama juzi ukiuliza utakula wapi, una uso wa baba yako mpaka kwenye meno, na una njaa ya miaka kumi na minane. Wiki ya kwanza tu mwenzako wa chuoni atakuambia kuna mchuzi wa vichwa vya samaki nyuma ya kinu cha posho. Nasikia bado upo. Utainama chini ya makuti yale. Na benchi litanyamaza. Asekon atakuona, atajua kabla hujafungua mdomo, na atakupa chakula kwa namna fulani, na wewe utafikiri ni adabu. Watakuangalia ukila. Hapana. Hilo lilinipata mimi, na halitakupata wewe. Sitaki uketi mahali ambapo kila mtu anajua isipokuwa wewe.

Kwa hiyo sasa unajua. Yule mtoto wa gauni la manjano ni dada yako. Anaitwa Nakiru. Baba yako aliwapa nyote wawili jina la mvua, na sisemi zaidi juu ya hilo. Yuko shule ya msingi. Hajafanya kosa lolote, na nadhani hata yeye kuna mambo ambayo ameambiwa ni ya "watu wa Kakuma."

Kwa Asekon sina salamu. Nimejaribu kuziandika mara mbili hapa, nikazikata, utaona wino. Sijui kama alinidharau au aliniheshimu kwa njia pekee aliyoachiwa. Siku nyingine naamini hili, siku nyingine lile. Wewe hujatumwa kwenda kumuuliza. Hujatumwa kumgombeza wala kunipatanisha naye. Hasira hii ni yangu, na nakuomba usiibebe kwenye sanduku lile. Tayari ni zito.

Unaweza kukaa Lodwar miaka yote ya chuo bila kufika pale. Chakula kiko kwingi, nimekuonyesha. Ukiamua kwenda, nenda mchana. Kabla hujaketi, sema jina lako na la baba yako kwa sauti, wote kwenye benchi wasikie, ili asiwepo mtu wa kujifanya. Kisha keti, ule.

Nasikia filimbi huko uwanjani, mchezo umekwisha, na sasa hivi utatokea pale kwenye kona ukiwa umebeba viatu mkononi. Neno la mwisho ndilo hili. Utakuja nyumbani likizo, nami nitakuuliza, "Umekuwa ukila wapi?" Usinitazame usoni ukaanza kuhesabu kitakachoniumiza na kisichoniumiza. Hivyo ndivyo baba yako alivyofanya, kwa upole, miaka yote ile. Kama ulikwenda, niambie ulikwenda. Niambie ulikula nini, nani alikupa, na kama kilikuwa kitamu. Nitaumia kidogo, mbele yako, kisha nitakuongezea chai.

Mimi mama yako,
Kakuma